Mwanangu alipoanza kazi, posho yangu ya nyumba ilikatwa

Ukiwa unaishi Uingereza kwenye nyumba ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, na unasaidiwa kulipa kodi ya pango, iko siku mwanao anageuka machoni mwa serikali. Jana alikuwa mtoto wako, leo ni mtu mzima anayekaa kwako, na inachukuliwa kuwa anachangia kodi. Hakuna anayeuliza kama anachangia kweli. Kiasi kimeshapangwa kwenye jedwali, kinakatwa kwenye posho yako wewe, halafu shauri lako kukidai kwa kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa anakuomba nauli ya basi.

Mimi yalinikuta mwaka 2023, na yameendelea kubadilika sura hadi mwaka huu. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu kila tukikutana kwenye arusi au hitima, lazima mama mmoja atatoa barua mkobani na kuuliza, "Hebu nisomee, hii inasema nini?" Na barua huwa ni ileile.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala: changu, cha kijana, na cha binti mdogo ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10. Baba yao hayupo nasi. Kodi ilikuwa pauni 122 kwa wiki. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, saa chache asubuhi na saa chache jioni, kwa hiyo nilikuwa napata Tax Credits, nyongeza ya serikali kwa wazazi wenye kipato kidogo, pamoja na Housing Benefit, yaani hiyo posho ya nyumba. Kwa mpangaji wa kaunsili posho huioni kwa macho. Inaingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kodi, wewe unamalizia kilichobaki. Mimi nilikuwa namalizia kama pauni 20 kwa wiki. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba posho ikikatwa, mfukoni hakipungui kitu siku hiyo. Deni linakua kwenye akaunti ambayo watu wengi hatuna mazoea ya kuifungua.

Kijana alitimiza miaka 18 Januari 2023. Nilikuwa nimesikia kwamba miaka 18 ndiyo mwisho, nikawa nasubiri barua kwa wasiwasi, haikuja. Alikuwa bado chuoni kwenye masomo ya kawaida, na posho ya watoto ilikuwa bado inalipwa kwa ajili yake, kwa hiyo kwenye hesabu za nyumba aliendelea kuwa mtoto. Ndipo wengi tunapotulia, tukadhani tumeponea. Kumbe kinachoangaliwa si siku ya kuzaliwa peke yake, ni siku posho ya watoto inapokoma. Kwake ilikoma mwisho wa Agosti, baada ya kumaliza chuo.

Septemba akaingia kazini kupitia wakala wa ajira, kwenye ghala la mizigo nje ya mji, shifti ya saa nane mchana hadi usiku. Kwa kweli nilifurahi. Wiki ya kwanza alileta gunia la mchele, akamtumia bibi yake wa Tanga pesa ya dawa, na kunipa mimi noti mbili za ishirini nimuombee dua. Mambo ya kodi wala hayakunijia akilini siku hiyo. Wiki iliyofuata ndipo nilipoipigia simu ofisi ya posho ya watoto, kisha nikajaza fomu ya kaunsili mtandaoni ya kutoa taarifa ya mabadiliko. Hizo ni ofisi mbili tofauti. Kuiambia moja si kuiambia nyingine, hata kama namba yako ya bima ya taifa ni ileile.

Kaunsili wakajibu kwa barua: wanataka ushahidi wa mapato ya mtu mzima aliyeko nyumbani, na wametoa mwezi mmoja.

Mgogoro haukuanzia kaunsili, ulianzia mezani kwangu. Nilimwambia, "Baba, nipe karatasi zako za mshahara, kaunsili wanazitaka." Akasema atanipa. Siku zikapita. Nikamkumbusha, akasema ziko kwenye programu ya simu na amesahau nywila. Nikamkumbusha tena, safari hii akacharuka: "Mama, mshahara wangu na kaunsili vinahusiana nini? Nyumba si yako? Kwani mimi mpangaji wako?" Sikuwa na jibu zuri, maana hata mimi nilikuwa nawaza vivyo hivyo. Kwetu mtoto halipi kodi kwa mama yake. Analeta alichojaliwa, mama anapokea na kushukuru, na wiki asipoleta hakuna anayemwandikia barua.

Siri ilikuja kufumuka usiku mmoja aliporudi kazini. Alikaa kwenye ukingo wa sofa bado na fulana yake ya rangi ya kung'aa, akafungua simu, akanielekezea kioo huku kidole gumba kikiwa juu ya nusu ya chini ya ukurasa. Nikamwambia aondoe kidole. Aliponiambia mwanzo kwamba analipwa "mia mbili na hamsini hivi", nilikuwa nimeamini. Karatasi ilisema saa 36 kwa pauni 10.90, jumla pauni 392.40 kabla ya makato, na kama 344 zinazoingia benki. Tofauti ilikuwa inakwenda kwenye gari alilolinunua na rafiki yake wakaliegesha mtaa wa tatu ili nisilione, na bima yake, maana bima ya dereva wa miaka 18 nchi hii ni balaa. Sikugombeza sana. Kusema kweli nilicheka, halafu nikakasirika baadaye nikiwa naosha vyombo.

Wakati tunavutana hivyo, mwezi wa kaunsili uliisha. Novemba ikaja barua nyingine, nene zaidi, yenye majedwali. Ukurasa wa tatu ndio wenye maneno ya kutafuta kwenye barua yako: "non-dependant deduction", yaani makato kwa ajili ya mtu mzima anayekaa nawe. Hapo palikuwa na pauni 116.75 kwa wiki. Chini yake, posho yangu: sifuri. Na ukurasa wa mwisho: nimelipwa kupita kiasi tangu Septemba, zaidi ya pauni 1,000, na zinatakiwa zirudi.

Niliogopa. Nilikuwa nimeshapanga jibu la kulia na la kubembeleza, lakini dada mmoja ninayefanya naye kazi akanivuta hadi Citizens Advice, ambako ushauri ni bure. Mshauri alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani shingoni. Alichukua barua, akageuza nyuma, akachora ngazi.

Alivyonieleza ndivyo nitakavyoeleza hapa. Makato hayo yana ngazi kufuatana na mapato ya kijana kwa wiki, na yanayohesabiwa ni mapato kabla ya kodi ya mapato na bima ya taifa, si yale yanayofika benki. Mwaka ule wa fedha, 2023 hadi 2024, asiyefanya kazi au anayefanya chini ya saa 16 kwa wiki alimkatia mzazi wake pauni 18.10. Anayefanya saa 16 na zaidi alipanda ngazi, na zile za juu zilikuwa hizi: kuanzia pauni 308 hadi chini ya 410, makato ni 93.40, kuanzia 410 hadi chini ya 511, ni 106.35, kuanzia 511 kwenda juu, ni 116.75. Na ukishindwa kuonyesha ushahidi wa mapato ya mtu anayefanya kazi, kaunsili wanakupandisha ngazi ya juu kabisa. Kwa hiyo wangu walikuwa hawajakosea sheria. Walimhesabu kijana wa ghala kama mtu mwenye mshahara mnono, kwa sababu karatasi hazikufika.

Akaniambia na jambo la pili ambalo lilinifanya nikae wima. Posho hii ya zamani ya nyumba ilikuwa imeshafungwa kwa waombaji wapya ambao hawajafikia umri wa pensheni, isipokuwa wachache wenye makazi ya aina maalumu. Nikiiacha ifike sifuri na ikae hapo, siwezi kuiomba tena. Nitalazimika kuhamia Universal Credit, posho moja mpya iliyochukua nafasi ya zile za zamani, siku hiyo, na Tax Credits zangu nazo zitakufa. Nilikuwa na mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Tarehe ya barua, si tarehe niliyoifungua.

Tukaomba kwa maandishi. Kijana, kwa mara ya kwanza, alikaa nami akafungua kila karatasi ya wiki tangu Septemba. Hapo tukagundua tatizo la ovataimu. Novemba maghala yote hukimbizana na mauzo ya kabla ya Krismasi, na wiki mbili alikuwa amefanya hadi kupita pauni 430. Wangechukua wiki hizo pekee angeingia ngazi ya 106.35, na kwa hesabu zangu hiyo ilitosha kuiua posho. Kaunsili wengi huomba karatasi tano za wiki za karibuni, au mbili kama analipwa kwa mwezi. Mshauri akasema tusichague wala kuficha. Tupeleke zote tangu siku ya kwanza, pamoja na barua ya wakala inayotaja saa zake za kawaida, na tuombe wahesabu wastani wa kipindi chote. Wastani ulitoka pauni 398.

Kuzifikisha nako kulikuwa na visa vyake. Nilipiga picha za kioo cha simu nikaziambatisha mtandaoni, zikakataliwa, kwa sababu picha ilionyesha kiasi lakini haikuonyesha jina lake wala la mwajiri. Zinatakiwa kurasa kamili: jina, mwajiri, tarehe, saa, jumla kabla ya makato. Mafaili yenyewe yalikuwa yamefungwa kwa nywila, ambayo ni tarehe yake ya kuzaliwa, na kaunsili hawafungui faili lenye nywila. Mwisho tulizichapa maktaba kwa senti kumi kumi, tukazipeleka dirishani, nikaomba stakabadhi yenye muhuri. Ombeni stakabadhi. Siku nyingine niliyopiga simu, aliyepokea alisema hazijaonekana kwenye mfumo, nikamsomea tarehe ya muhuri, zikaonekana.

Uamuzi mpya ulirudi kabla ya mwaka mpya. Makato 93.40, posho pauni 9.20 kwa wiki, deni la nyuma pauni 934. Anayesoma anaweza kusema 9.20 ni nini. Kwangu ilikuwa kubwa. Kwanza iliniacha ndani ya mfumo. Pili, ukiwa na haki ya posho hata kidogo kiasi hicho, unaruhusiwa kuomba ule msaada wa hiari wa kaunsili ambao wakati ule uliitwa Discretionary Housing Payment. Mwenye sifuri hawezi kuuomba. Niliomba, nikaorodhesha kila kinachoingia na kutoka, hadi viatu vya shule vya binti, wakanipa pauni 40 kwa wiki kwa miezi mitatu. Deni tukakubaliana nililipe kidogo kidogo. Kitengo cha kodi kilikuwa kimeshanitumia barua ya onyo la malimbikizo, na niliwapigia mwenyewe kabla hawajafika hatua ya notisi. Kwenye simu hiyo niliwaambia tu: uamuzi unaangaliwa upya, namba ya kumbukumbu ni hii. Walisimamisha.

Bado ilibaki ile 93.40, ambayo ni lazima itoke mahali kila wiki.

Nimeona familia zikivunjika hapa, na si kwa ajili ya umaskini peke yake. Mama anaona haya kudai, kijana anaona anakamuliwa, na wote wawili wanadhani mwenzake ndiye aliyetunga makato. Nilimuonyesha barua yenyewe. Nikamwambia: hizi si za kwangu, sizitii mkononi, na usipozitoa wewe nazitoa mimi kwenye chakula cha dada yako. Akanyamaza, akatoa kikokotoo. Ukitoa 93.40 kwenye 344 zinabaki 250 na ushee, ile mia mbili na hamsini aliyonidanganya tangu mwanzo. Gari likauzwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya kodi kila Ijumaa, akiandika namba ya akaunti yetu kama kumbukumbu, pesa isipite kwangu kabisa. Wazo hilo ni zuri kuliko yote tuliyowahi kuyapata. Mimi nikaacha kuwa mdai, yeye akaacha kuwa mpangaji wa mama yake, na kile anacholeta jikoni kikabaki kuwa zawadi.

Kama wako atakupa wewe mkononi, usiogope kupokea. Mchango wa mtoto mzima anayekaa nawe hauhesabiwi kama mapato yako kwenye posho ya nyumba. Wako wanaokataa pesa za watoto wao kwa hofu ya kukatwa mara mbili. Mara moja umeshakatwa, chukua.

Ushauri wa mitaani nao niuseme, maana nilipewa mwingi. Wa kwanza: "Sema amehamia kwa mjomba wake Leicester." Walioniambia hivyo walisema kwa nia njema. Lakini mwajiri ana anwani yake, benki ina anwani yake, daktari ana anwani yake, na kaunsili wana njia za kulinganisha. Ukibainika si makato tena, ni udanganyifu, pamoja na kurudisha kila senti. Na kwa ambaye bado hana uraia, sihitaji kueleza hatari yake. Wa pili: "Mwandikie mkataba awe mpangaji wako wa chumba." Haufanyi kazi kwa mtoto wa kumzaa. Ndugu wa karibu anayekaa nyumba moja nawe ataendelea kuhesabiwa vilevile, hata mkataba uwe na mihuri kumi.

Kodi ya kaunsili (Council Tax, inayotozwa kila nyumba kwa huduma za mtaa, si ile ya pango) ni mdudu mwingine. Nikiwa mtu mzima peke yangu nilikuwa napunguziwa robo. Kijana aliye chini ya miaka 20 aliyemaliza shule au chuo kati ya Mei na Oktoba hahesabiwi hadi tarehe 1 Novemba, kwa hiyo nilipata nafuu ya miezi miwili, kisha punguzo likaondoka. Juu yake kuna makato mengine ya mtu mzima kwenye msaada wa kodi ya kaunsili, na hayo kila kaunsili kwa watu wa umri wa kazi wanajipangia. Angekuwa mwanafunzi wa muda wote wa chuo kikuu akiwa anakaa nyumbani, asingehesabiwa kwenye punguzo lile la robo, na kwenye posho ya nyumba nisingekatwa wakati wa masomo. Rafiki yangu mmoja binti yake anasoma uuguzi na alikuwa anakatwa bure karibu mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyepeleka barua ya chuo.

Aprili 2024 viwango vyote vilipanda, kodi ya nyumba ikapanda, mshahara wa ghala nao ukapanda, na makato yakawa pauni 99.65. Kila Aprili inabidi uanze hesabu upya.

Halafu Julai 2024 ikaja barua ya kuhamia Universal Credit, yenye miezi mitatu ya kuomba. Nilichelewesha kwa woga hadi wiki za mwisho, maana niliyoyasikia yalikuwa mabaya tupu. Mengine ni kweli: malipo ya kwanza ni baada ya wiki kama tano, na kama si zile wiki mbili za ziada ambazo posho ya zamani inaendelea kulipa, ningeingia tena kwenye malimbikizo. Lakini kwa habari ya kijana, sheria za huko ni nyingine kabisa, na hili ndilo linalowachanganya watu wanaoshauriana bila kuulizana wako mfumo gani. Universal Credit haiangalii mapato ya mtoto mzima. Haina ngazi. Hadi atimize miaka 21 hakatwi kitu. Akitimiza, kinakatwa kiasi kimoja kilekile kwa kila mtu, iwe analipwa vizuri, iwe hana kazi.

Kwa hiyo kuanzia nilipohamia hadi Januari mwaka huu sikukatwa hata senti. Mwaka jana wakala ulipompunguza akakaa bila kazi masika yote, na hatukutikisika. Alipotimiza 21, makato yakaanza: pauni 93.02. Nilipoiona namba hiyo kwenye taarifa ya malipo moyo ulinipasuka, nikadhani zimerudi zile za zamani. Nikasoma tena. Zile za 2023 zilikuwa 93.40 kwa wiki, ambazo ni zaidi ya 400 kwa mwezi. Hizi zilikuwa 93.02 kwa mwezi.

Mfumo mpya una ugumu wake lakini. Kijana wa miaka 21 asiye na kazi, ambaye kwenye posho ya zamani angemkatia mama yake kiwango cha chini, huku anakatwa sawa na anayelipwa. Na kuwa mwanafunzi hakumsamehe. Wanaosamehewa ni wachache: anayepata sehemu ya huduma ya kila siku kwenye PIP (posho ya watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu), anayelea mtoto wa chini ya miaka 5, anayelipwa posho ya kuuguza, na wengine wa namna hiyo. Pia kama wewe mwenyewe mpangaji unapata PIP ya huduma ya kila siku, hukatwi kabisa, awepo mtoto mzima mmoja au watatu. Angalia hilo kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Nimekutana na mama aliyekuwa na PIP miaka miwili, analipa makato ambayo hakustahili kulipa.

Wako walioniuliza kwa nini nisimwambie ajitegemee. Weka mila pembeni, hesabu peke yake inajibu. Kodi yetu mwaka huu ilikuwa pauni 134.94 kwa wiki, karibu 585 kwa mwezi. Kijana akiondoka, chumba chake kinahesabiwa kitupu, na kwa sisi tulio chini ya umri wa pensheni kwenye nyumba za kaunsili chumba kimoja kitupu kinakata asilimia 14 ya kodi, utaratibu ulioanza Aprili 2013. Hiyo ni kama pauni 82. Ningeepuka makato ya 93 nikapata makato ya 82, na mchele ningeununua mwenyewe. Robo ya kodi ya kaunsili ingerudi, sawa, na nyumba yenye vyumba viwili ingekuwa na hesabu tofauti. Fanya zako kwa namba zako. Lakini usimtoe mtoto nyumbani kwa hasira ya barua kabla hujaandika namba zote kwenye karatasi moja.

Mambo haya sasa nayafanya hata kwa wengine. Jirani yetu, bibi wa Kizanzibari aliyepita miaka 70, yeye bado yuko kwenye posho ya zamani ya nyumba, kwa kuwa waliofikia umri wa pensheni hawakuhamishwa. Mwanawe wa kiume alirudi kwake baada ya ndoa kuvunjika, na makato yakaanza wiki ileile. Bibi alikuwa anayalipa kwenye akiba ya mazishi, bila kumwambia mtu. "Mwanangu, ndiyo sheria yao," alisema, akinisogezea kikombe cha chai ya tangawizi.

Si sheria yao. Kwa mwombaji wa umri wa pensheni, mtu mzima akihamia au mapato yake yakipanda, makato hayo huahirishwa wiki 26. Niliandika barua ya aya mbili nikiomba uamuzi uangaliwe upya, bibi akasaini, na yaliyokatwa yakarudishwa kwenye akaunti yake ya kodi. Sasa wiki hizo 26 zinakaribia kuisha, na tumegundua kwamba kwa magoti yake na macho yake anaweza kustahili Attendance Allowance, ambayo wenye umri wake hulipwa kwa kuhitaji msaada wa kuoga, kuvaa au kuangaliwa, mradi hali hiyo imekuwepo miezi 6. Akiipata, makato ya mwanawe yanafutwa moja kwa moja. Jumamosi tunakaa kujaza fomu. Nimeshamwambia ajibu kwa siku zake mbaya, zile ambazo mwanawe humvalisha soksi, na si kwa siku anazojikaza akija mgeni.